Habari za Munji Kammun na Sanduku la Soketi Nne

Tegeni masikio, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe uliye kizingitini ingia ufunge mlango, upepo usije ukatupotezea maneno! Leo hatumsimulii jemadari aliyebomoa kuta za mji kwa tembo, wala sultani aliyevuka jangwa na ngamia elfu. Hao wanao wasimulizi wao, tena wanaolipwa. Vinasimuliwa vita vilivyopiganwa juu ya meza ya kulia chakula, katika nyumba iliyo kilomita ya tano ya barabara ya Gremda, mjini Sfax, kwa muda wa siku tatu, baina ya mtu mmoja na kisanduku kimoja cha mbao. Ee Mola, uliyeufundisha umeme kupita ndani ya shaba pasipo kuonekana, utie ulimi huu nguvu, maana mambo yaliyotendeka yalikuwa makubwa, ingawa sanduku lenyewe halikuzidi shubiri moja na nusu.

Alikuwapo katika mji huo mtu jina lake Munji bin Abdulhamid Kammun, Mpimaji wa Milima Asiyoipanda, Mjuzi wa Mito ya Mbali, aliyesomesha jiografia katika shule ya sekondari miaka thelathini na mitatu, na ambaye kwa kipande kimoja cha chaki aliweza kuichora Afrika nzima ubaoni bila kuinua mkono, isipokuwa mara moja tu, kwa ajili ya Madagaska. Vizazi vilitetemeka mbele yake. Madaktari na mahakimu wa Sfax, watu wazima wenye mvi, wakikutana naye sokoni hutupa sigara wakasimama wima.

Lakini Mungu hampi mja vyote. Mikono ile iliyochora mabara haikupata kushika nyundo ikarudi salama. Na hili lilikuwa jambo zito katika mji ule, ambako mwanamume huzaliwa na bisibisi mfukoni, na bomba likipasuka, mwenye nyumba hupambana nalo mpaka afe kwanza, ndipo warithi wake wakamwita fundi. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yake, Munji alipigilia ukutani rafu ya vyombo. Rafu ile ilikaa siku mbili kwa utulivu. Siku ya tatu ilishuka pamoja na sahani kumi na mbili za arusi. Mnunuzi wa sahani zile alikuwa mama mkwe wake, Bi Khaduja, Ngome Isiyotekwa, na tangu siku hiyo Bi Khaduja hakusahau, wala hakukusudia kusahau.

"Binti yangu nilimpa mwalimu," huwaambia majirani mpaka leo. "Mwalimu mzuri. Ila nyundo msimpe."

Na sasa sababu ya vita.

Mkewe Munji aliitwa Naziha, Bibi wa Lugha Tatu, mtarjumani wa hati na mikataba, aliyefanya kazi yake nyumbani katika chumba cha nyuma, meza yake ikielekea dirisha na mlozi ulio nje. Chumba kile kilikuwa chema kwa kila jambo isipokuwa moja: soketi yake ilikuwa moja tu, tena upande wa pili wa mlango. Na kompyuta ya Naziha ilikuwa na betri iliyochoka kuishi. Ukiichomoa, inazimika kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwa hiyo kwa miaka mingi waya mweupe mkongwe, uliofungwafungwa kwa utepe wa gundi, ulivuka mlango ule sakafuni, na mwishoni mwake vichwa vya soketi vilipandana kimoja juu ya kingine, kama ndugu watatu juu ya punda mmoja.

Siku ya Jumatatu, adhuhuri, Bi Khaduja aliingia mle akiwa amebeba bakuli la saladi ya pilipili za kuchoma, mafuta ya zeituni yakimeta juu. Waya ukamshika mguu. Bi Khaduja hakuanguka, maana wanawake wa ukoo wake hawaanguki. Saladi ilianguka kwa niaba yake, ikatandaa juu ya kamusi kubwa ya Kiarabu ya Naziha, katika herufi ya mim, na mafuta yakapenya mpaka herufi ya nun.

Hapo ikatangazwa amri, bila kupaza sauti, jambo lililoifanya itishe zaidi: "Waya huu hauvuki tena mlango huu nikiwa hai. Mkitaka kuuvusha, subirini. Sina haraka."

Basi Naziha, Bibi wa Lugha Tatu, akahamishwa na kompyuta yake mpaka jikoni, baina ya friji na pweza aliyetundikwa akauke. Na ole ule ulikuja katika juma baya kuliko yote ya mwaka. Kwani Alhamisi, saa nne asubuhi, alikuwa ameitwa kwenye usaili kwa njia ya skrini na ofisi moja kubwa ya watarjumani ya ng'ambo, usaili alioungojea miaka miwili.

Usiku wa Jumatatu likakutana baraza, kuzunguka sinia la kuskusi. Walikuwapo wanne: Munji, Naziha, Bi Khaduja, na Lutfi, mdogo wake Naziha, fundi umeme wa haki, mfunga taa wa nusu ya nyumba za barabara ile, mwenye ulimi uliochongoka kuliko bisibisi zake.

"Jikoni siwezi," alisema Naziha. "Friji linanguruma kama lina kesi na mtu. Na nyuma yangu wataona pweza."

"Pweza ana ubaya gani?" akauliza Bi Khaduja. "Waache waone kuwa tunakula."

"Mama!"

"Dada, nitakuja kukuwekea soketi nyingine ukutani," alisema Lutfi huku akichagua kipande cha samaki. "Kazi ya asubuhi moja. Ijumaa, inshallah."

"Usaili ni Alhamisi, Lutfi."

"Mpaka Alhamisi nina hoteli nzima haina taa. Wakipanda ngazi gizani wakavunjika, utawatafsiria wewe?"

Hapo aliinuka Munji bin Abdulhamid. Alipangusa midomo kwa kitambaa, akaweka mkono kifuani, akanena kwa sauti ile iliyowahi kunyamazisha madarasa ya watoto arubaini:

"Enyi watu wa nyumba hii! Siku zimepita ambazo ukoo wa Kammun ulingojea hisani ya mafundi. Je, Nili ilingoja mtu aichimbie njia? Je, Sahara iliomba ruhusa ya kuenea? Mimi, kwa mikono hii miwili, nitaunda sanduku la mbao, na ndani yake nitatia soketi nne, na nitalifunga ubavuni mwa meza ya Naziha. Na waya wake hautatambaa chini kama nyoka, bali utapanda ukutani, uzunguke juu ya mlango kama taji, ushuke upande wa pili kwa heshima. Na itakuwa kabla ya Alhamisi!"

Kijiko cha Bi Khaduja kiliishia nusu ya njia.

"Sanduku la nini, shemeji?" Lutfi aliuliza taratibu. "La kuzikia?"

"La umeme."

"Shemeji wangu, nakuheshimu. Umenifundisha mimi mwenyewe mito yote ya Ulaya. Lakini umeme si mto. Mto ukiukosea, unaandika upya. Huku hakuna kalamu nyekundu."

"Waliniambia nimwoze Naziha kwa mfamasia," alinong'ona Bi Khaduja.

Naziha alimgeukia mumewe. "Baba Ulfa," alisema, "una hakika?"

"Ninayo," alijibu Munji, ambaye hakuwa nayo.

"Basi fanya. Ila hakichomekwi kitu mpaka Lutfi akifungue, akipekue. Umenisikia?"

Akaapa. Lutfi naye akaahidi kupita Jumatano, saa kumi alasiri, kwa dakika tano, akitoka hotelini. Na hivyo vita vikatangazwa.

Asubuhi ya Jumanne shujaa alikwenda kujivika silaha dukani kwa Haji Tijani, ambako nyaya huning'inia darini kama mizabibu na ambako hakuna mtu aliyewahi kupata alichokitaka bila kuhojiwa kwanza. Munji alisoma orodha yake kama anayesoma mkataba wa amani: soketi mbili za pacha, kila moja na nafasi mbili, na viboksi vyake vya plastiki vya kukalia ndani, waya wa njia tatu mita tisa, plagi moja yenye ardhi, kibanio cha kuushika waya usivutike, na vishikizo vya ukutani.

Haji Tijani alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja kununua kisu cha kujipasulia.

"Wewe si shemeji yake Lutfi?"

"Ndimi."

"Anajua kama umekuja?"

"Anajua."

"Na mama mkwe anajua?"

"Haji, naomba waya."

Haji akapima waya, akaukata, akaufunga. Kisha, kwa huruma ambayo Munji hakuiomba, akamwekea juu yake sabuni ya kukazia skrubu kwenye mbao ngumu, bure. "Paka kidogo," alisema. "Na kifuniko ukifunge mwisho. Wote wanafunga mapema."

Mbao Munji hakuzinunua. Aliingia stoo, akaondoa baiskeli ya Ulfa, binti yao aliyeolewa Gabes, akaondoa mitungi ya zeituni, na huko nyuma kabisa akaitoa ile rafu ya sahani, iliyolala gizani miaka ishirini na tisa. Ilikuwa mbao ya mfune, nene, isiyo na kosa lolote. Kosa halikuwa lake hata siku ile. Akaipangusa vumbi, akaibeba mikononi kama mtu abebavyo bendera ya jeshi lililowahi kushindwa.

Msumeno ukapigwa. Kipande cha kwanza kikatoka kifupi. Cha pili kikatoka kirefu. Cha tatu kikatoka sawasawa, ila kilipaswa kuwa cha nne. Jasho lilimtiririka Mpimaji wa Milima. Unga wa mbao ukampaka mvi juu ya mvi. Na tindo, katika kufungua tundu la soketi ya pili, likateleza likamwonja kidole gumba. Damu ikatoka, kiasi cha tone moja na nusu.

Bi Khaduja alikuwa amejiletea kiti na bakuli la lozi. Alikaa penye kivuli akitazama kama atazamavyo tamthilia.

"Imepinda hiyo," alisema.

"Haijapinda, mama."

"Basi nyumba ndiyo iliyopinda."

"Mama, ni pembe ya kutazamia."

"Mimi ninatazamia hapa tangu arusi yenu." Akamenya lozi, akafikiri. Kisha, bila kuinua macho, akamnyooshea leso yake ajifunge kidole.

Jioni ya Jumanne sanduku lilisimama. Lilikuwa na uso, ubavu wa kuume, ubavu wa kushoto, mgongo, chini, kifuniko cha juu ambacho hakijafungwa, matundu mawili mapana ya kupokea soketi, na tundu dogo la mviringo nyuma kwa ajili ya waya. Munji alilipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu, akalala usingizi wa washindi. Naye hakujua kwamba aliyeshinda mbao bado hajakutana na shaba.

Kulipopambazuka Jumatano alizivua nyaya maganda. Zikajitokeza tatu, kila mmoja na vazi lake: wa kahawia, ubebao moto wa umeme, wa buluu, uurudishao, na wa kijani na manjano, waya wa ardhi, mpole asiyefanya lolote siku zote za maisha yake mpaka siku ya msiba. Munji aliziweka kiganjani akazihutubia:

"Enyi wana watatu wa baba mmoja! Wewe wa kahawia, usimguse ndugu yako wa buluu, wala wa buluu asimguse wa kahawia. Kila mmoja akae katika milki yake, chini ya skrubu yake. Na wewe wa ardhi, tunakuomba radhi kwamba tunakutarajia usiwe na kazi."

Alikaza skrubu moja, akakaza ya pili, akaziunganisha soketi zote mbili, akafunga plagi mwisho wa pili wa waya, akabana kibanio, akavirudisha viboksi mahali pake. Alipomaliza akanyoosha mgongo, akaliinua sanduku ili ulimwengu ulione. Na hapo akaona.

Tundu dogo la nyuma, alilolitoboa kwa mikono yake, lilikuwa tupu. Waya, badala ya kupita humo, ulikuwa umetokea juu, mahali pa kifuniko, ukimning'inia mkononi kama ulimi wa mtu anayekucheka. Wala plagi isingeweza kupenya, kwa kuwa ilikuwa nene mara tatu kuliko tundu.

Akakaa. Akafungua skrubu zote, moja moja, kwa utaratibu ule ule alioufungia. Akapitisha waya tunduni. Akafunga tena. Ikawa saa saba mchana. Na mkono uliochoka haufungi kama mkono ulioamka.

Sasa ilimpasa kungoja. Saa tatu tu zilikuwa zimebaki Lutfi afike. Lakini kiburi ni mgeni asiyebisha hodi. Naziha alikuwa amekwenda mjini kupiga mihuri ya hati zake. Bi Khaduja alikuwa sebuleni, mbele ya televisheni, ambako bwana mmoja alikuwa karibu kukiri mtoto ni wa nani. Munji alilitazama sanduku, akaitazama soketi ya ukutani, akasema moyoni: "Ni kuonja tu." Akaichomeka plagi.

Paa!

Cheche ndogo, kisha kimya. Friji likanyamaza. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kutoka sebuleni ikaja sauti, si ya bwana wa tamthilia, maana yeye alikuwa ameondoka na siri yake.

"Mwalimu," aliita Bi Khaduja. "Mtoto ni wa nani?"

Munji aliichomoa plagi, akaenda kwenye swichi kuu, akairudisha juu. Nyumba ikafufuka. Kisha akapanda ngazi mpaka juu ya paa, akakaa baina ya shuka zilizoanikwa, wala hakushuka.

Naziha aliporudi hakuhitaji kuuliza. Mama yake alimpokea mlangoni na taarifa kamili. Akapanda. Akageuza ndoo ya kufulia, akaikalia mbele ya mumewe.

"Mama anasema umeizima nyumba."

"Nimeizima."

"Uliungua?"

"Hapana."

"Na ulikuwa umeniapia."

"Nilikuwa nimekuapia." Munji aliitazama leso iliyomfunga kidole. "Mpigie Lutfi. Nitamwomba mwenyewe. Aje alfajiri kabla ya hoteli yake, afunge anavyojua."

"Sikukuuliza habari za Lutfi. Nakuuliza wewe. Kitu gani kimekuingia wiki hii?"

Na hapa hata msimulizi aliyezoea baragumu huiweka chini, kwa kuwa Munji alijibu bila hotuba.

"Tangu nistaafu, Naziha, tukiamka wewe unakwenda kwenye kazi yako, mama anakwenda jikoni, na mimi nakwenda kununua mkate. Nikisharudi na mkate, siku yangu imekwisha. Nilitaka kiwepo kitu kimoja humu ndani ambacho ukikigusa unajua nimekifanya mimi. Basi."

Shuka zilipepea.

"Mkate wenyewe unaleta wa jana," alisema Naziha.

"Huwa nachelewa. Napitia njia ndefu."

"Najua. Miaka miwili ninautafuna." Akacheka kidogo, naye akajikuta anacheka. Kisha akasimama, akamnyooshea mkono. "Inuka, Baba Ulfa. Lutfi anakuja saa kumi. Tuna saa moja na nusu. Na safari hii mimi nashika plagi, maana wewe kwa plagi huaminiki."

Wakashuka. Munji akafungua kifuniko. Kwa macho matupu kila kitu kilikuwa sawa: kahawia kwake, buluu kwake, ardhi kwake. Akatazama mara ya pili, hakuona. Basi akaenda kwenye kabati, akatoa lenzi kubwa ya mkono ambayo kwa miaka thelathini na mitatu aliitumia kusoma vijiji vidogo kwenye ramani, akainama juu ya sanduku kama aliyewahi kuinama juu ya nchi nyingi. Akatafuta kusini. Akatafuta mashariki. Na huko, katika mpaka wa magharibi wa soketi ya pili, akamwona: unywele mmoja wa shaba, uliotoroka kutoka kifungoni mwa wa kahawia, ukaegemea skrubu ya wa buluu kama jirani anayepiga umbea dirishani.

"Msaliti!" alinong'ona Munji.

"Yuko wapi?" Naziha akavaa miwani yake, wakagongana vichwa. "Huyu? Huyu ndiye aliyemnyima mama mtoto?"

"Huyu huyu."

Naam, aliyeiangusha dola ya kilomita ya tano, aliyezima friji na feni na kumfungia bwana wa watu siri yake kifuani, hakuwa mnene kuliko unywele wa kichanga! Munji aliifungua skrubu, akazisokota nyuzi zote pamoja mpaka zikawa kamba moja, akazirudisha, akakaza. Kisha akazikagua skrubu nyingine zote kwa lenzi, moja baada ya moja, na hakufunga kifuniko. Neno la Haji Tijani lilikuwa limemwingia.

Saa kumi kamili Lutfi alifika, vumbi la hoteli begani, ufunguo wa gari bado mkononi. Hakuketi. Alivuta kila waya kwa nguvu, hakuna uliotoka. Alitoa kipimo chake, akagusa hapa, akagusa pale, kipimo kikalia palipopasa kulia na kikanyamaza palipopasa kunyamaza. Akakitazama kibanio. Akauvuta waya kutoka nje, ukakataa kusogea. Akarudi tena mwanzo, kama mtu aliyepoteza kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kosa.

"Nani amekufungia hizi?" aliuliza hatimaye.

"Mimi."

"Nani alikusaidia?"

"Dada yako alinigonga kichwa."

Lutfi akaishika bisibisi yake, akaijaribu skrubu ya ardhi, isizunguke. "Shemeji, umezikaza kama mtu anayeogopa zitamtoroka."

"Ni kosa?"

Lutfi akaguna. Ilimchukua muda, kama mtu anayepitisha jiwe kooni. "Si kosa," alisema. "Funga. Chomeka."

Kifuniko kikafungwa. Naziha akaichomeka plagi. Munji akaleta taa ya mezani ya Naziha, akaitia katika soketi ya kwanza, akabonyeza.

Ikawaka.

"Imewaka?" aliuliza Bi Khaduja kutoka mlangoni.

"Imewaka, mama."

"Ngojeni kwanza."

Wakangoja wote wanne, wameizunguka taa mchana kweupe, kama watu wanaomtazama mtoto akipiga hatua ya kwanza. Taa haikutikisika. Wakaijaribu ya pili, ya tatu, ya nne.

"Haya," alisema Bi Khaduja, na neno hilo, kutoka kinywani mwake, wanahistoria wa barabara ya Gremda hulihesabu kuwa mkataba wa kusalimu amri.

Kabla ya magharibi sanduku lilifungwa ubavuni mwa meza, waya ukapandishwa, ukazungushwa juu ya mlango, ukashushwa, na kila shubiri mbili kishikizo. Lutfi, aliyekuja kwa dakika tano, alishika ngazi saa nzima, hoteli yake ikiwa gizani.

Alhamisi ikafika. Saa nne kasorobo Naziha alivaa koti lake la kijivu, akafunga mlango wa chumba cha nyuma. Kompyuta, taa, feni na simu, vyote vinne vilinyonya kutoka katika mbao ile kama wana-kondoo. Na Munji bin Abdulhamid alisimama chini ya swichi kuu, mikono nyuma, kama mlinzi wa lango la mji. Alipiga marufuku mashine ya kufulia. Alipiga marufuku birika la umeme. Bi Khaduja alipokuja na pasi yake, walitazamana kwa muda mrefu. Na ni Bi Khaduja aliyegeuka, akaenda kukunja nguo zake bila kupigwa pasi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ikapita nusu saa. Ikapita saa. Kupitia mlango ilisikika sauti ya Naziha, sasa katika lugha moja, sasa katika nyingine, ikitiririka bila kukatika. Munji hakuelewa maneno. Alisikiliza kutokatika.

Saa tano na robo mlango ukafunguliwa. Naziha alitoka, koti mkononi, uso umeiva kwa kuchoka.

"Vipi?" akauliza mama yake.

"Watajibu wiki ijayo. Kuna neno moja la sheria nimelikosea, nikalirudia. Sijui kama walisikia. Lakini nilisema vizuri, mama. Nadhani nilisema vizuri."

Munji akakohoa. Alikuwa ameandaa hotuba, akaikosa. "Na umeme?" aliuliza.

"Umeme?" Naziha alimtazama kama mtu anayekumbushwa jambo la mwaka jana. "Sikuukumbuka kabisa."

Sikuukumbuka kabisa! Enyi waandishi, wekeni wino! Wamejengewa wafalme minara ili wakumbukwe. Lakini ni nani miongoni mwao aliyetenda kazi yake kwa ukamilifu hata mwenye kuitumia akasahau kwamba ipo? Munji aliyapokea maneno yale kama wengine wapokeavyo majimbo. Akaingia chumba cha nyuma peke yake, akainama, akaliwekea sanduku kiganja. Lilikuwa na uvuguvugu kidogo, kama mkate uliotoka tanuruni.

Basi na iandikwe, na aliyepo amwambie asiyekuwapo: kwamba katika mji wa Sfax, kilomita ya tano ya barabara ya Gremda, siku ya Alhamisi, kuanzia saa nne mpaka saa tano na robo asubuhi, Munji bin Abdulhamid Kammun alisimamisha sanduku la mbao lenye soketi nne, na zote nne zilitoa umeme. Limeinama kidogo upande wa kushoto. Anayesema limeinama, atatazamwa na Bi Khaduja.